Nani Afunge Lango? Uongozi na Kubadilika Katika Safari za Anga, Kutoka Tunguu na Ngomeni Hadi Madibira

Mkazi wa Mbeya akitajiwa mambo ya anga, fikra zake huenda kwanza Mbozi, kwenye kimondo cha chuma chenye uzito wa zaidi ya tani 10 kilicholala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Hicho kilikuja chenyewe, bila ratiba wala msimamizi. Chombo kinachorushwa na binadamu kina mambo mengine. Nyuma yake wapo maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja na kipande chake cha kazi, na kikishapaa ni nadra sana fundi kuweza kukifuata. Kosa lililofanyika kiwandani hujitokeza kule juu, pengine ndani ya dakika moja, na anayetakiwa kuamua la kufanya ni mtu asiyeweza hata kuligusa.

Kwa sababu hiyo mashirika ya anga yamelazimika kuuchambua uongozi kwa undani kuliko ofisi nyingi. Maswali yao makubwa ni mawili. La kwanza: jambo lisilotarajiwa likitokea, nani mwenye kauli, mkubwa aliye mbali au mtu aliye karibu na mtambo? La pili: mambo yakigeuka, kipi kishikiliwe na kipi kiachwe? Afrika Mashariki imeyashuhudia maswali haya yakijaribiwa kwa karibu, kwanza Unguja, kisha pwani ya Malindi. Na majibu yake yana kazi hata katika bonde la Usangu, kwenye skimu ya mpunga ya Madibira wilayani Mbarali, ambako kinachogawanywa na kugombewa ni maji.

Tunguu

Marekani ilipoanza mradi wa Mercury wa kupeleka binadamu kwenye mzingo wa dunia, kikwazo kimojawapo kilikuwa umbo la dunia yenyewe. Redio za wakati ule ziliweza kuwasiliana na chombo pale tu kilipokuwa juu ya upeo. Chombo kinachoizunguka dunia kwa dakika tisini hivi hupita juu ya kituo kimoja kwa dakika chache, kisha kinapotea. Ikabidi vijengwe vituo vilivyopangwa kufuata njia yake: Bermuda, visiwa vya Canary, Kano nchini Nigeria, Zanzibar, meli iliyowekwa katika Bahari ya Hindi, Muchea nchini Australia, na kuendelea hadi kurudi Marekani. Kituo cha Zanzibar kilijengwa Tunguu, nje ya mji, baada ya makubaliano ya mwaka 1960 kati ya Marekani na Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa na himaya juu ya visiwa hivyo.

Mawasiliano kati ya Tunguu na Florida hayakuwa ya kutegemewa. Ujumbe ulikwenda kwa maandishi ya mashine na kwa redio zilizosumbuliwa na hali ya hewa, na chombo hakikuwa na subira ya kungoja jibu. Kila kituo kwa hiyo kilikuwa na watu wake wa kuzungumza na mwanaanga na kusoma vipimo vyake, pamoja na daktari. Christopher Kraft, mwongozaji mkuu wa safari za Mercury, alisimamia uandishi wa kanuni za safari: kipimo fulani kikishuka kiasi hiki, hatua hii ichukuliwe, mtambo fulani ukizimika, safari ikatishwe au iendelee. Kanuni zilibishaniwa kwa miezi, watu wakiwa wametulia na wakinywa kahawa yao. Siku ya safari mtu wa kituoni hakuhitaji kuomba ruhusa kwa kila jambo, kwa sababu ruhusa ilikwisha kutolewa. Nadhani huu ndio mchango mkubwa zaidi wa safari za anga katika elimu ya uongozi. Kauli hugawiwa mapema, mchana, kabla ya hofu kuingia.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa saa 4 na dakika 55 ndani ya chombo cha Friendship 7. Alipopita juu ya Zanzibar alizungumza na daktari wa kituo, akafanya mazoezi ya kuvuta kamba ya mpira, na shinikizo lake la damu likapimwa kutoka chini. Mambo yalikuwa shwari. Lakini kuelekea mwisho wa mzunguko wa kwanza mfumo wa kujiendesha ulianza kukipeleka chombo upande, na Glenn akakishika kwa mikono yake. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu wanaanga walikuwa wameshindana na wasanifu waliotaka chombo kijiendeshe chenyewe, mtu awe abiria tu. Ubishi huo wa mezani ndio uliompa usukani.

Kisha ikaja ishara nzito zaidi. Kipimo kimoja kilionyesha kwamba ngao ya kukinga joto imelegea. Ingekuwa kweli, Glenn angeteketea wakati wa kurudi. Wakubwa waliamua kwamba furushi la roketi za breki, ambalo kwa kawaida hutupwa baada ya kutumika, liachwe mahali pake ili mikanda yake iishikilie ngao. Wakati huohuo mwenyewe hakuambiwa. Vituo vilielekezwa vimwulize tu kama swichi fulani imezimwa, au kama anasikia chochote kikigongagonga. Glenn alikuwa rubani wa vita, si mtoto. Alijua haulizwi bure. Baadaye ilithibitika kwamba ngao ilikuwa salama na kipimo ndicho kilichodanganya, na Glenn alisisitiza kwamba rubani aambiwe kila linalojulikana kuhusu chombo chake. Kumficha mtu hatari yake mwenyewe kwa nia njema kunampunguzia uwezo wa kusaidia, na yeye ndiye aliye karibu zaidi na tatizo.

Kilichoiua Tunguu hakikutoka angani. Wanasiasa wa mrengo wa kushoto walikiita kituo kile ngome ya makombora, na maandamano ya kukipinga yalifanyika tangu kilipoanza kuzungumziwa. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea, Wamarekani waliokiendesha waliondolewa kwa manowari ya USS Manley, na miezi michache baadaye serikali ya Rais Abeid Amani Karume ikataka mitambo iondolewe visiwani. Kazi ya kufuatilia vyombo katika ukanda huu ikafanyika kutoka Tananarive, Madagaska, hadi mwaka 1975, ambapo uhusiano na serikali ya huko nako ulivunjika. Wahandisi wale walikuwa na kanuni kwa kila valvu na kila swichi. Kwa jirani wa Tunguu aliyeona antena zikigeuka na hajui zinamtafuta nani, mawazo yao yalikuwa machache mno.

Ngomeni

Kaskazini mwa Malindi, kwenye ghuba ya Ungwana, kipo kijiji cha wavuvi cha Ngomeni. Mbele yake baharini yamesimama majukwaa ya chuma yaliyokuja kwa njia ambayo mtu angedhani ni hekaya. Aliyeyaleta ni Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma La Sapienza na afisa wa jeshi la anga la Italia. Mwaka 1961 aliipelekea serikali ya nchi yake pendekezo la kurusha setilaiti. Italia haikuwa na roketi ya kufika kwenye mzingo, haikuwa na ardhi karibu na ikweta, na fedha zake hazikuweza kulinganishwa na zile za Marekani au Umoja wa Kisovieti.

Broglio akaazima. Roketi ya Scout, yenye hatua nne za mafuta magumu, ilitoka Marekani kwa makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 1962. Jukwaa la Santa Rita lilikuwa mtambo wa kuchimbia mafuta baharini uliopatikana kwa kampuni ya mafuta ya Eni, ukakokotwa kwa meli hadi Kenya. Jukwaa la pili, San Marco, lilitokana na gati linaloelea la jeshi la Marekani. Wafanyakazi walitoka jeshini na chuoni. Bahari ilikuwa ya Kenya. Kila kitu kilikuwa cha kuazima isipokuwa lengo, na pengine ndiyo maana lengo halikupotea: mtu aliyefunga safari kwa vitu vya watu hana nafasi ya kuzubaa.

Uteuzi wa ikweta ulikuwa wa hesabu. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta kasi ya mzunguko huo ni takribani kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Kwa roketi kubwa ni nyongeza. Kwa roketi ndogo kama Scout ni tofauti kati ya kubeba chombo cha maana na kuambulia patupu. Mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, hivyo hatua za roketi zilizokwisha kazi huanguka majini. Aidha, setilaiti iliyo kwenye mzingo wa chini wa ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi inayosumbua vipimo, na hupita juu ya kituo kilekile katika kila mzunguko. Udhaifu wa kutokuwa na uwanja nyumbani ulimpeleka Broglio mahali palipo bora kuliko uwanja wowote ambao Italia ingejijengea.

Hakukurupuka. Wafanyakazi wake walifunzwa kwanza Marekani. Mwaka 1964 zilirushwa kutoka Santa Rita roketi ndogo za uchunguzi, zinazopanda na kushuka bila kuingia kwenye mzingo. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo setilaiti ya San Marco 1 ilirushwa kutoka kisiwa cha Wallops, Virginia, lakini mikono iliyoirusha ilikuwa ya Kitaliano. Ndipo wakarudi Ngomeni, na tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa kutoka jukwaani. Kila hatua ilibadilisha jambo moja tu: mahali pageni kwa roketi ndogo, kisha roketi ngeni kwenye mahali pa watu waliozoea, kisha vyote viwili pamoja. Ukiharibikiwa kwa mpango kama huo unajua pa kutazama. Miradi mingi ya umma hubadilisha kila kitu kwa mpigo, halafu tume ya uchunguzi inakosa pa kuanzia.

Mpangilio wa majukwaa nao ulikuwa mgawanyo wa mamlaka uliotengenezwa kwa chuma. Roketi ilisimama San Marco. Waliohesabu na kubonyeza walikaa Santa Rita, nusu kilomita hivi kutoka hapo, wakiunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Nchi kavu ilikuwapo kambi ya kupokea ishara.

Kazi iliyoipa Ngomeni jina duniani ilifanyika tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Setilaiti ilikuwa ya Marekani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na wafanyakazi wa taifa lingine. Msimamizi wake upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, na yeye ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe. Baada ya kisa cha Tunguu, jina hilo lina uzito wake. Huenda lilikuwa adabu tu ya mgeni, lakini mgeni mwenye adabu hukaa zaidi.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Hewa ya dunia huizuia mionzi hiyo, kwa hiyo kabla ya hapo wanasayansi waliiona kwa dakika chache tu kwa kutumia roketi zinazopanda na kuanguka. Setilaiti ilijizungusha polepole, ikilipitia anga lote. Timu ya Riccardo Giacconi ilitarajia zaidi kuorodhesha vyanzo vya mionzi, na orodha ilifika 339. Lakini chanzo kimoja kilionekana kikipigapiga kama mshipa wa damu, kisha kikizimika na kurudi kwa vipindi maalumu. Badala ya kukazania orodha, timu iliutumia muda wa chombo kukifuatilia hicho kimoja na vingine vya aina hiyo, na hivyo ikathibitika kwamba zipo nyota zilizokufa zinazonyonya gesi ya nyota wenza. Setilaiti ilinyamaza mwaka 1973. Giacconi alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka pale, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988, na hakuna hata urushaji mmoja ulioshindwa. Baadaye roketi ya Scout ikaachwa kutengenezwa na majukwaa yakabaki kusimama, ila kituo cha nchi kavu kimeendelea kupokea ishara za vyombo vya mataifa mbalimbali. Leo kinaitwa kwa jina la Broglio, aliyefariki mwaka 2001. Wakenya wengi wamelalamika kwa miaka kwamba mgawo wao ulikuwa mdogo, wa kodi na vibarua zaidi ya elimu, na mkataba wa mwaka 2016 kati ya Kenya na Italia ulikusudia kurekebisha hilo. Malalamiko hayo hayapunguzi akili ya Broglio. Yanaonyesha tu kwamba mwenye bahari aliingia kwenye mpango ule kama mwenye mahali, na elimu ya urushaji ilibaki kwa wageni.

Habari mbaya inavyopotea njiani

Kisa cha Apollo 13 kimesimuliwa sana, kwa hiyo nitakipita haraka. Tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka chombo kikiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Mwongozaji wa zamu, Gene Kranz, aliacha lengo la kutua mwezini mara moja na kushika lingine: kuwarudisha Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise wakiwa hai. Chombo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa watu wawili kwa siku mbili, kililazimishwa kuwahifadhi watatu kwa siku nne. Vichujio vya hewa vya umbo la mraba viliunganishwa kwenye matundu ya duara kwa mifuko ya plastiki, majalada ya karatasi na utepe wa gundi. Tarehe 17 walitua baharini salama.

Shirika hilohilo la NASA, miaka kumi na sita baadaye, lilishindwa kusikia. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha Challenger, walizungumza kwa simu na viongozi wa NASA. Roger Boisjoly na wenzake walieleza kwamba pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hukakamaa kwenye baridi, na wakapendekeza chombo kisirushwe chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Usiku ule baridi ya Florida ilishuka chini ya sifuri. Safari ilikwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja. Viongozi wa NASA walionyesha kutoridhika, mameneja wa Thiokol wakaomba muda wajadiliane peke yao, na waliporudi kwenye simu pendekezo lilikuwa limegeuzwa. Asubuhi yake, sekunde 73 baada ya kupaa, Challenger ilipasuka na watu saba wakafa, mwalimu Christa McAuliffe akiwa mmoja wao.

Kilichobadilika usiku ule ni swali. Siku zote mhandisi alitakiwa athibitishe kwamba ni salama kurusha. Ghafla akatakiwa athibitishe kwamba si salama, na hakuwa na takwimu za kutosha za baridi kali namna ile, maana ilikuwa haijawahi kutokea. Anayebebeshwa mzigo wa uthibitisho ndiye anayeshindwa, na kiongozi ndiye anayeamua nani aubebe. Zaidi ya hapo, pete zilikwisha kuonyesha dalili za kuungua katika safari zilizotangulia. Kwa kuwa kila mara chombo kilirudi salama, dalili zikageuka kuwa jambo la kawaida. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Columbia kiliangamia kwa mtindo uleule: vipande vya povu vilikuwa vikibanduka na kugonga chombo tangu miaka ya nyuma, na watu walikwisha kuzoea. Ni wazi kwamba taasisi inaweza kujifunza sana kutokana na msiba wake, ikaandika ripoti nzuri, kisha ikasahau.

Kwa Afrika Mashariki, mabadiliko ya miaka ya karibuni yamekuja kwa njia nyingine, ya vyombo vidogo. Mwaka 2018 setilaiti ya 1KUNS-PF, isiyozidi kimo cha kopo la chai, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na La Sapienza, chuo kilekile cha Broglio, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Uganda ilifuata mwaka 2022 na PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na wahandisi wake vijana waliokuwa wakisoma Japani. Tarehe 15 Aprili 2023, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, Taifa-1 ya Kenya ikapaa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California. Hakuna aliyesubiri nchi iwe na roketi yake kwanza.

Usangu kutoka juu na kutoka shambani

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa mwaka 1972, na tangu wakati huo bonde la Usangu limepigwa picha tena na tena. Kwa kuziweka picha hizo pamoja watafiti waliweza kuona mashamba ya mpunga yakipanuka na kinamasi cha Ihefu kikibadilika ukubwa wa kiangazi mwaka hadi mwaka.

Jiografia yake haina mzaha. Mto Ndembera hushuka kutoka nyanda za juu za Iringa, hupita Madibira na kuingia Ihefu kwa upande wa mashariki. Maji ya Ihefu hutokea mahali pamoja tu, kwenye kizingiti cha mwamba kiitwacho N'Giriama, na hapo Ruaha Mkuu huanza safari yake kupitia hifadhi ya taifa hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Kina kikishuka chini ya mwamba ule, mto hukatika. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na viboko kubanana kwenye madimbwi yaliyosalia.

Nani alaumiwe? Lawama za mwanzo ziliwaangukia wafugaji, na mwaka 2006 na 2007 wengi waliondolewa bondeni. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Lakini utafiti wa mradi wa SMUWC, uliofanyika kuanzia mwaka 1998 na uliotumia picha hizo pamoja na vipimo vya mitoni, ulikwisha kuelekeza kidole kwingine: maji yanayochepushwa kiangazi kwenye mabanio, mengine yakimwagika mashambani wakati hakuna hata zao linaloyahitaji. Taarifa ilikuwapo. Ilichelewa kufika kwa wenye kauli, au ilifika ikiwa haipendezi. Wasomaji wa kisa cha Challenger hawatashangaa.

Skimu ya Madibira ilijengwa miaka ya 1990 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa ajili ya wakulima wadogo, kwenye eneo la takribani hekta 3,000 linalopata maji kutoka Ndembera. Wakulima wana ushirika wao, MAMCOS. Mtu aliye kwenye banio haoni majaruba ya mwisho wa mfereji, na wa mwisho wa mfereji haoni lango. Juu yao, Iringa, wapo wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Chini yao, Ihefu, kisha hifadhi, kisha umeme wa gridi ya taifa. Kila mmoja huona sehemu yake, kama vituo vya Mercury, na ujumbe kati yao huchelewa.

Hapa ndipo mafunzo ya anga yanapofaa na hapohapo ndipo yanapokwama. Yanafaa kwenye kanuni zinazoandikwa kabla ya msimu: kina cha mto kikifika hapa, zamu zipunguzwe, kikifika pale, mashamba ya juu yafungiwe kwanza. Yanafaa kwenye kushika lengo na kuachia njia. Mkulima anayetaka mavuno halazimiki kung'ang'ania jaruba lililofurika msimu mzima. Mbegu ya SARO 5 imeenea bondeni kwa sababu huzaa vizuri na kukomaa mapema kuliko mbegu nyingi za kienyeji, na kilimo shadidi, kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980, hupandikiza miche michanga mmojammoja kwa nafasi na kuliacha shamba likauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Kinahitaji palizi zaidi na usawazishaji mzuri wa shamba, kwa hiyo si cha bure, na anayekihubiri bila kutaja kibarua cha palizi hajashika jembe.

Yanakwama kwenye lengo lenyewe. Kranz alikuwa na raha moja ambayo kiongozi wa Madibira hana: kila mtu ndani ya chumba chake alitaka jambo moja. Usangu wapo wanaotaka mpunga, wanaotaka malisho, wanaotaka samaki, wanaotaka mto upite kwa ajili ya tembo na watalii, na wanaotaka taa ziwake Dar es Salaam. Isitoshe, mwongozaji wa safari za anga hapigiwi kura, wala hakutani mnadani na shemeji yake aliyemfungia maji juzi. Kwa Madibira kisa cha kuchukua ni kile cha Tunguu kuliko cha Apollo: mpango unaweza kutimiza kila kitu ndani ya uzio na bado ukavunjwa na waliokuwa nje yake. Jumuiya za watumia maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ziliundwa kuwaweka hao wa nje kwenye meza moja, na kazi hiyo ni ya polepole kuliko kujenga banio.

Picha za Landsat hutolewa bure tangu mwaka 2008, na Landsat 8 na 9 kwa pamoja hupita juu ya Usangu kila baada ya siku nane. Mtu wa ofisi ya bonde anaweza kuliona jaruba lililojaa maji mwezi Septemba kabla mlalamikaji wa chini hajapiga simu. Picha haifungi lango. Anayelifunga ni mtu aliye kwenye banio la Ndembera, na nguvu yake inategemea yaliyoandikwa kwenye kanuni za skimu kabla ya masika: kama anaruhusiwa kulifunga usiku bila kumsubiri mwenyekiti, na kama ushirika utasimama naye asubuhi, wenye mashamba ya juu watakapokuja kumtafuta.